Kengele Aliyomwekea Mdogo Wake

Kila alasiri, kabla mtangazaji hajafika, yule mama aliyeitwa Mkasi alipitia studio kwanza. Alirudishia mlango, akainamia maikrofoni iliyozimwa, akasema kwa sauti ya chini, "Hamjambo wasikilizaji wetu wapenzi." Alitega sikio, kana kwamba anasubiri waitikie, kisha akaenda kwenye chumba chake cha nyuma kuanza kazi.

Chumba chenyewe zamani kilikuwa stoo. Ukutani walibandika trei za mayai kuzuia mwangwi, na hedifoni zilikuwa zimechakaa mpaka upande mmoja ukavishwa soksi ya mtoto. Humo Mkasi alisikiliza jumbe za sauti ambazo watu walituma kwa simu kwa ajili ya kipindi cha jioni. Sheria zilikuwa chache: kata tusi, kata kabila, kata dini, kata maumbile ya mtu, na mwisho, kata lolote lisilofaa. Palipokatwa aliweka mlio wa kengele, ili msikilizaji ajue kuna kitu kimeondolewa. Kisha aliufuta ujumbe wenyewe kabisa. Hilo la kufuta lilianza baada ya tusi moja kuvuja na kuzunguka mji mzima, watoto wakalifanyia mchezo wa kamba. Tangu hapo, kilichokatwa kilibaki kichwani mwa Mkasi tu. Wafanyakazi wenzake walimtania kuwa yeye ni kabati la matusi, na kwamba siku akigombana na mumewe, majirani wahame mapema.

Kazi aliimudu. Aliyemkosesha usingizi ni Cherehani.

Cherehani alikuwa mdogo wake wa kike, tumbo moja. Alishona nguo kwenye baraza la soko, na jina hilo alipewa na mtangazaji, kwa kuwa akianza kusema hasimami mpaka uzi uishe. Ujumbe wake ulichezwa karibu kila jioni. Alisema kuhusu mitaro, kuhusu wapima ardhi, kuhusu wanaume wanaoleta suruali kupunguzwa kiuno halafu wanarudi mwezi ujao kuomba iongezwe. Watu walikuwa hoi kwa kicheko.

Mkasi alizisikia habari hizo kabla ya mtu yeyote, peke yake, na soksi sikioni. Usiku mumewe, ambaye ni kinyozi, alirudi kumsimulia upya. "Huyo shemeji yangu, jamani! Leo nusura nimkate mteja sikio." Mkasi alilazimika kucheka mara ya pili. Sokoni, zahanati, hata shuleni kwa mwanawe, walimuuliza jambo lile lile: "Wewe si ndiye dada yake Cherehani wa redioni?" Wa redioni! Yeye aliyeingia kituoni hapo wakati kina meza moja na feni mbovu. Aliwahi kuomba nafasi ya utangazaji, na mkuu wa kituo akamwambia kwa upole, "Sauti yako nzuri, mama, lakini ni ya kutangazia misiba." Mkasi alicheka naye, akaenda kulia msalani.

Sasa mkuu huyo huyo alimwita ofisini, meno nje. Mtangazaji wa asubuhi alikuwa anaondoka, na yeye alitaka kumjaribu Cherehani. Angesikiliza vipindi vya wiki hiyo kwa makini, kisha aamue. "Mdogo wako ana kipaji, mama. Usimwambie kwanza."

Mkasi aliitikia. Akarudi chumbani kwake, akavaa hedifoni.

Siku ya pili yake mwenyekiti wa soko alipiga marufuku kelele na lugha chafu sokoni. Hata kunadi bidhaa kwa sauti kulikuwa ni kosa. Ujumbe wa Cherehani ukaingia kama kawaida: "Mwenyekiti anataka soko lisilo na kelele. Basi atuhamishie makaburini, huko wateja hawabishani bei." Kisha akacheka kile kicheko chake kirefu.

Mkasi alicheka pia, kabla hajajizuia. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Makaburini. Akajiambia kwamba mtu angeweza kudhani mwenyekiti anaombewa kifo. Akajiambia kwamba sheria ya mwisho inasema lolote. Akakata kuanzia "makaburini" hadi "bei", akaweka kengele, na kicheko akakiacha. Kisha akafuta.

Jioni mji ukasikia, "Basi atuhamishie..." Kengele. Halafu mwanamke anacheka kama mwenda wazimu.

Laiti ujumbe ungesikika mzima, ungesahaulika kabla ya taarifa ya habari. Lakini kengele ile kila mtu aliijazia lake. Kwa kinyozi walishindana kukisia, na kila aliyekalia kiti alikuwa na neno chafu kuliko la mwenzake. Yote yakamfikia mwenyekiti. Asubuhi cherehani ya Cherehani ilikuwa imetolewa barazani na kuwekwa juani. Mdogo mtu alieleza alichosema, neno kwa neno, kwa mwenyekiti na kwa wateja wake. Wakamtazama kwa huruma. Ingekuwa ni hayo tu, wakamwambia, redio ingehangaika na kengele?

Mkuu wa kituo alimuuliza Mkasi kulikuwa na neno gani mahali pa kengele. Alijibu kwamba lilihusu kifo, na huo haukuwa uongo. Mkuu akashukuru, akasema bora wamejua mapema. Mkasi alitembea kwenda nyumbani mwepesi kama aliyetua mzigo. Njiani hakuna aliyemuuliza kuhusu Cherehani wa redioni.

Jumamosi mdogo wake alikuja. Mkasi alikuwa akiosha vyombo uani, mumewe akiwa kazini. Cherehani hakutania wala hakuomba maji. Alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa, akasema amekwenda mwenyewe kituoni, na mkuu akamweleza kuhusu ile nafasi ya asubuhi. Kumbe nafasi bado ipo, ila aombe radhi hewani kwanza.

"Niombe radhi kwa neno gani, dada?" alisema, lakini hakungoja jibu. Alisema amekaa usiku akijisikiliza kichwani, mpaka akaanza kuamini huenda kweli lilimtoka tusi bila kujua. Mama mkwe wake hamsemeshi. Watu wanamtaka alitaje neno lenyewe ili alikane, naye hana la kutaja.

Mkasi aliendelea kusugua sufuria ambayo ilikwisha kutakata. Angesema "lilihusu kifo" mara ya pili, mambo yangekwisha, na kiti cha asubuhi kingemwendea mtu asiyemjua.

"Nina swali moja tu," mdogo wake akasema. "Ungekuwa ujumbe wa mtu mwingine, ungeukata?"

Mkasi aliweka sufuria chini.

"Nisingeukata," alijibu. "Ningecheka, nikauacha upite."