Diski ya Barabara ya Lubutu

Hapa Kasuku, mtaa wetu wa Kindu, mtu hamwachii fundi kompyuta yake akaenda zake. Anaketi. Anavuta kiti mpaka goti lake liguse meza yangu, anatazama kila skrubu inavyotoka, na akipigiwa simu anaongea huku macho hayabanduki. Ni tabia iliyobaki tangu wakati wa vita, wakati kitu ukikipa kisogo hukikuti tena. Zamani iliniudhi. Sasa nawaacha wakae, kwani ndani ya mashini hakuna la kuficha: vumbi jekundu, nywele, mende mkavu, mara nyingine punje za mchele.

Kompyuta zinazonifikia zimetumika kwingine mpaka watu wa huko wakazichoka. Zinashuka na ndege au zinakuja kwa pikipiki kutoka Kisangani, betri zimevimba na feni zinalia. Kazi yangu ni ileile kila siku. Nafungua, nasugua kwa mswaki na spiriti, napaka dawa mpya ya kupooza joto, naongeza memori, natoa diski ya zamani, ile yenye sahani inayozunguka, naweka ya kisasa ambayo haina kinachozunguka. Hilo la mwisho silegezi. Mteja akiniambia diski yake bado nzuri, namuuliza ataibeba kwenda wapi. Akisema Lubutu, njia yetu ya kwenda Kisangani, sibishani naye tena, natafuta bisibisi. Mashimo ya barabara ile huua diski inayozunguka kabla mwenyewe hajapata njaa.

Watu husema nina subira. Sina subira yoyote. Moyo wangu ulikufa ganzi wakati wa vita na sijaona haja ya kuuamsha. Kaka yangu mkubwa alivuka mto na baiskeli iliyobeba bidoni, madumu ya mafuta ya mawese, akaelekea Lubutu kutafuta chumvi, maana treni zilikuwa zimesimama na chumvi mjini ilikuwa imekwisha. Hakurudi. Hatukuletewa maiti wala habari. Baba alikufa akingoja. Mama hakulia mbele yetu, nami nikajifunza kwake.

Binti yangu anasoma Kisangani. Alipoingia mwaka wa mwisho nilimtengenezea kompyuta iliyotumika, nyepesi, ya kubeba mgongoni. Nilibadilisha betri, nikaibana bawaba ya kioo iliyokuwa inalegea, na diski nikamchagulia mwenyewe, nzuri kuliko ninazowawekea wateja. Aliporudi Kindu likizo, kazi yake ya kumaliza masomo ilikuwa humo yote. Nakala nyingine ilikuwa kwenye flashi, nayo flashi ililiwa na virusi kwenye duka la fotokopi. Nilimwambia atengeneze nakala mpya. Alinijibu, “Kesho, papa.” Na huyo ni mtoto wa fundi.

Siku za likizo hiyo habari za vita kutoka mashariki zilikuwa mbaya. Wenye maduka walianza kufunga mapema, na wenye pikipiki kila mmoja alikuwa na uvumi wake. Vijana walicheka. Sisi tuliowahi kukimbia tulinunua chumvi.

Asubuhi moja, zikiwa zimebaki siku chache aondoke, binti alinijia barazani, penye meza yangu ya kazi. Begi lilikuwa kitandani na kompyuta haimo. Tulipekua nyumba nzima. Mama yangu, ambaye tunaishi naye, alikuwa ameketi mlangoni pa jiko anachambua sombe, majani ya muhogo.

“Mashini niliificha,” alisema bila kuinua kichwa. “Iko mu udongo, kule nyuma ya choo.”

“Koko, juu ya nini?” binti akamuuliza bibi yake sababu.

“Wale bantu wakikuja, wataibeba. Wakati ya vita tulifichaka vyote.”

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Binti aliegemea ukuta akalia, nami nikachukua jembe. Ilitoka na tope, na nilipoiinamisha maji yalimwagika kwa pembeni. Nilimtazama mama nikaona mzee aliyerudishwa kwenye vita vyake na uvumi wa barabarani. Sikumgombeza. Nilisikitika kidogo tu, kama mtu anayesimuliwa msiba wa jirani wa mbali.

Binti alivuta kiti akakaa mbele ya meza kama mteja yeyote. Alinieleza polepole, kana kwamba sijui, kwamba kazi ile ikipotea mwaka wake umepotea, na akiupoteza hatapata wa kumlipia mwingine, atabaki Kindu. Nilimjibu kwamba nasikia. Nilikuwa nachomoa betri.

Chini ya kibodi udongo ulikuwa umejaa kama unga kwenye kinu. Ubao mkuu ulikuwa umekufa, na pale umeme wa betri ulipokutana na maji palikuwa pamekwisha kuota kutu ya kijani. Nilimwambia hivyohivyo. Diski ndiyo iliyobaki ya kujaribu. Niliiosha kwa spiriti, nikaiweka juani juu ya kitambaa, nikamwambia akalale kidogo, maana haiwezi kuguswa mpaka ikauke kabisa. Alikubali kwa sababu macho yalikuwa yamevimba.

Nilibaki natoa udongo kwenye matundu kwa kijiti. Mikono ikishika kazi ya namna hiyo, kichwa huenda kinakotaka, na changu kilikwenda kwenye redio ya baba. Wakati wa vita mama aliizika redio ile wanajeshi wasiichukue. Aliifunga kwa mifuko ya plastiki, mmoja juu ya mwingine, akaitia kwenye chungu chenye makaa yaliyosagwa, akaziba mdomo kwa nta. Jioni, saa ya matangazo ya watu wanaotafutana, aliifukua, tukaisikiliza kwa sauti ya chini tukingoja jina la kaka, kisha akaizika tena. Iliishi ardhini misimu ya mvua na haikuwahi kukohoa. Sijaona mtu Kindu hii aliyejua kuzika kitu kikabaki hai kumshinda mama.

Na hii ya mjukuu wake aliizika uchi. Aliifunua kifuniko, akailaza pale kwenye mteremko maji ya choo na ya paa yanapopita. Begi, ambalo lingeikinga hata kidogo, alilitoa akaliacha kitandani likiwa safi.

Niliweka kijiti chini, nikaenda jikoni.

“Mama, hii haukuificha.”

Aliendelea kuchambua majani.

“Barabara njo ileile ya Lubutu,” alisema. “Kaka yako, bidoni nilimufungia mimi na mikono yangu. Huyu mutoto, hapana. Bila mashini hana kazi ya kupeleka, bila kazi haendi. Atalia, atanyamaza. Muntu akililia hapa, mimi ninamuona.”

Nilisimama pale nikitafuta hasira. Nilijua mahali pake inapopaswa kuwa, na sikuikuta. Nilirudi kwenye meza.

Jua lilipoanza kulala diski ilikuwa imekauka. Niliiunganisha kwa waya na kompyuta yangu ya kazi, nikangoja. Kwa muda haikuonekana. Nilichomoa, nikafuta meno yake ya kuchomekea, nikachomeka tena, na ikatokea. Nilifungua kazi ya binti, sura ya kwanza, ya pili, mpaka marejeo ya mwisho. Hakuna herufi iliyopotea. Diski niliyoichagua mwenyewe ili ivumilie barabara ya Lubutu ilikuwa imevumilia hata kaburi.

Hapo nikashika ukingo wa meza. Niliogopa. Sikuwa nimeogopa namna hiyo tangu ujana, na nilichukua muda kulitambua jambo lenyewe. Wakati wote nilipoiosha, nilipoianika, nilipofuta meno yake kwa kitambaa, nilikuwa naomba isiwake.

Mama alikuwa amekuja kusimama nyuma ya kiti changu. Hajui kusoma, lakini alijua kutazama uso wangu.

“Iko muzima?”

“Iko muzima, mama.”

Kutoka ndani tulimsikia binti anageuka kitandani.

“Sema ilikufa,” mama akaninong’oneza. “Wewe njo fundi. Atakuamini.”

Angeniamini. Angekuwa mtu wa kwanza Kasuku kuniachia mashini yake bila kuitazama, na kufuta ni kazi ya vidole viwili. Niliviangalia vidole vyangu vilivyokuwa juu ya kibodi. Nikaviondoa hapo.

“Mimi pia nilitaka ikufe, mama,” nikamwambia.

Aliweka kiganja chake mgongoni pangu, chenye unyevu na harufu ya sombe, akakiacha hapo. Nililia kwanza. Kisha nikamwita binti aje achukue kazi yake.