Siku Ambayo Mwenyeji Hagombi

Dobrinka aliichagua sikukuu ya Mtakatifu Nikola kwa makusudi. Siku hiyo mlango wa Vitomir, baba yake mkubwa, huwa wazi kwa ukoo mzima. Mwenyeji hushinda amesimama akiwahudumia watu, wala hathubutu kumfukuza mgeni au kumfokea, maana angemwaibisha mtakatifu mlinzi wa nyumba. Siku nyingine zote mzee alimzima kabla hajamaliza sentensi.

Alikuwa amepona saratani ya titi. Daktari wake mjini Čačak alimpima vinasaba, akamweleza kwamba hitilafu iliyouleta ugonjwa ni ya kurithi, tena imetoka upande wa baba, na akamsihi awaambie ndugu zake mapema. Dobrinka alimfikiria Senka, binti wa Vitomir. Lakini kwao ugonjwa huo hautajwi jina. Bibi yao alikufa kwa “ule mwingine”, na kwenye picha ya ukutani alikuwa bado mdogo kuliko Dobrinka wa leo.

Basi mlangoni alikula kijiko chake cha ngano tamu ya kupokelea wageni, akangoja samaki waliwe, kisha akasimama na karatasi ya majibu yake mkononi.

“Baba mkubwa, saratani yangu ni ya kurithi. Ilitoka kwa bibi ikapitia kwa baba. Huenda na wewe unayo hitilafu hiyo.”

Wawili watatu wakagonga mbao chini ya meza kufukuza nuksi. Vitomir alibaki na chupa ya rakia, pombe kali ya matunda, mkononi, shingo imemwiva kwa hasira.

“Huo ni ugonjwa wa wanawake,” akasema taratibu. “Mimi nina matiti gani, Dobrinka? Hili ni tumbo tu.”

Watu wakacheka.

“Tumbo umelitafuta mwenyewe,” akajibu Dobrinka. “Damu hiyo ulipewa na mama yako, nawe ukampa Senka.”

Mzee aliutazama mshumaa wa mtakatifu, akammiminia mgeni wake rakia.

Senka akanyoosha mkono. “Nipe hayo majibu, dada. Daktari wangu kila siku ananiambia mimi bado mdogo, sina haja ya kupimwa.”

Daktari huyo aliyasoma mara mbili, na habari ya udogo ikaishia hapo. Senka alikutwa na hitilafu ileile, na picha ya titi ikaonyesha uvimbe mdogo kama punje ya dengu, haujatambaa popote. Kabla ya Pasaka ulikuwa umetolewa, na Senka mzima.

Vitomir alilia uani peke yake. Kisha akawapigia simu wapwa zake walioko Vienna, mmoja mmoja, kwa sauti iliyovuka ua.

“Saratani, wewe. Sa-ra-ta-ni. Kapimwe, usiniletee mambo ya uanaume. Mimi nimeshapimwa, na bado ni mwanamume.”