Bega la Sita

Jumamosi nilikuwa kwa kinyozi Matonge, mtaa wa Wakongo jijini Brussels, nikisubiri zamu. Kitini alikaa mzee wa Lubumbashi, aliyerudi Brussels baada ya kuishi miaka mingi katika kijiji kidogo cha Waflemi. Kinyozi alimtania kwamba huko alikuwa chifu wa wazungu.

"Chifu wa nini? Ni barabara moja tu, kanisa, muto na mashamba ya viazi," alijibu. "Nilipofika kulikuwa shule na duka ya mikate. Bon, batoto bakaenda mujini, shule ikafungwa, duka ikafungwa, basi nayo ikaacha kupita."

Kisha jirani yake akafariki. Wanaume wenye nguvu ya kubeba jeneza walikuwa watano, wakamwita yeye awe wa sita. Mzee aligusa bega lake la kushoto, akauacha mkono hapo.

"Tukirudi toka makaburi, mujane akanishika mukono. Akaniuliza, 'Na mimi, nani atanibeba?'"

Kinyozi alizima mashine. "Ukamjibu nini, papa?"

"Nilimuambia, mimi niko. Alors, muke wangu akagonjwa, tukahamia Jette, huku Brussels, karibu na hospitali. Yule mama alikufa. Nilipata habari bamekwisha kumuzika."

Hakuna aliyeuliza wangapi walimbeba.

Sisi wageni kila siku tunajadili nani atasafirisha maiti zetu kwenda kwetu. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kufia kwao, kwenye ardhi ya babu zake, na bado akakosa mabega.