Herufi Nilizozibandika kwa Mbegu ya Watu

Mwanangu, siku ninayoikumbuka kuliko zote katika ualimu wangu ni ile asubuhi ya mvua ya kwanza, bibi mmoja alipoingia darasani kwangu kuifuata mbegu yake. Nilikuwa kijana, sijamaliza hata miaka miwili kazini, katika shule ya kijiji mbele kidogo ya Nduguti. Leo nimestaafu, naishi Mandewa, na nina nafasi ya kusema mambo ambayo nilipokuwa kazini nisingeyasema.

Nilipopangiwa darasa la kwanza niliona nimeonewa. Wenzangu wanaume walipewa la sita na la saba, wanafundisha hesabu na sayansi, mimi nafuta watoto kamasi. Nikaapa kwamba darasa langu litakuwa zuri kiasi kwamba kila mgeni wa shule ataletwa kuliona. Angalia hapo, mwanangu: nilifikiria wageni kabla ya kufikiria watoto.

Mwezi wa kumi ulikuwa unaisha na bado nilikuwa na watoto kumi na wachache wasiotofautisha a na e. Chuoni tulifundishwa kwamba mtoto mdogo hujifunza herufi kwa mikono: aishike, aifuate kwa kidole, na atamke sauti yake huku kidole kikitembea. Hilo ni kweli mpaka leo, usije ukadhani nalipinga. Basi nikawaambia kila mmoja aje na mbegu kidogo kutoka nyumbani. Wakaja na alizeti, kunde, mahindi. Nilichora herufi kubwa kwenye vipande vya maboksi, nikapaka gundi, wao wakapanga mbegu juu ya mistari huku wakitamka. Watoto walioitazama e ubaoni miezi na miezi bila kuijua, waliishika kwa siku mbili.

Neema alikuwa mmoja wao. Alikuwa na miaka saba, mtoto mkimya, analelewa na bibi yake. Yeye alikuja na masuke mawili ya mtama, punje kubwa, nyekundu, hazina tundu hata moja. Niliyainua nikasema, "Mmeona? Mbegu inatakiwa iwe hivi." Darasa zima likampigia makofi. Mtoto ambaye hajawahi kupigiwa makofi, ukimsifu namna ile, unadhani atafanya nini? Kesho yake akaleta matatu, keshokutwa yake akaleta zaidi.

Sikumwuliza hata mara moja anayatoa wapi. Na mimi ni mtoto wa Misigiri, nimekulia nyumba ambayo masuke ya mbegu yaliningʼinizwa juu ya jiko yapate moshi, na hakuna aliyethubutu kuyagusa hata njaa ikiingia. Nilijua, mwanangu. Nilijifanya sijui kwa sababu irabu zangu tano zilikuwa zinapendeza.

Halafu nikaongeza ujinga juu ya ujinga. Niliogopa panya na fukusi, nikachukua vanishi iliyobaki baada ya kupaka madawati, nikazipaka herufi zote na kuzitundika ukutani. Zikangʼaa. Mwalimu mkuu akaleta wageni wawili kuzitazama, nami nikasimama pembeni nimefunga mikono nyuma kama mtu asiyetaka sifa.

Mvua ikanyesha. Asubuhi yake bibi yake Neema alikuwa mlangoni kwangu, ana tope mpaka kwenye vifundo vya miguu. Watoto wakasimama wakamwamkia, nami nikamwamkia.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mwalimu." Akaongeza maneno kwa Kinyiramba. Nilimjibu kwa Kiswahili, kwa kuwa nilitaka watoto waone mwalimu anavyozungumza na wageni. Basi na yeye akahamia Kiswahili chake cha polepole. "Nimekuja kuchukua mbegu yangu. Leo watu wanapanda."

Mimi, kwa akili zangu, nikaona amekuja kustaajabia kazi ya mjukuu wake. Nikampeleka ukutani. "Hii ni a, Bibi. Ameipanga Neema mwenyewe."

"Huo ni mtama wangu, mwalimu. Hiyo a siijui." Akakwangua punje moja kwa ukucha, akainusa. "Umeipaka nini?"

"Vanishi."

"Itaota?"

Watoto wote walikuwa wakinitazama, na hakuna kitu nilichotamani kama ardhi ipasuke. Bibi hakupandisha sauti. Alimshika Neema mkono akasema, "Twende mama. Tukawalimie watu, labda watatupa mbegu." Wakatoka, na daftari la mtoto likabaki juu ya dawati.

Siku tatu Neema hakuja. Nilikuwa najiambia kwamba atarudi mwenyewe, kwamba kuna watoro wengi msimu wa kupanda. Ukweli ni kwamba nilikuwa naona aibu na kuogopa kumkabili yule bibi. Nilifahamu vizuri kwamba mtoto akishapoteza msimu mmoja wa shule kwa ajili ya shamba, ule unaofuata hupotea kirahisi zaidi. Jumamosi nikanunua mbegu ya mtama dukani Nduguti, nikaenda kwao kwa miguu.

Niliwakuta shambani kwao. Nilipiga magoti nikasema, "Bibi, nimekosa. Nisamehe." Sikuwa nimewahi kusema hivyo tangu nipate cheti changu. Alifungua mfuko, akamwaga punje kiganjani, akazitazama sana. Akanipa jembe. "Haya, chimba. Mbegu haijipandi."

Nikachimba mashimo mpaka mgongo ukaniuma, Neema nyuma yangu akidondosha mbegu. Tulipopumzika, nilimwona amechuchumaa, anaandika kwa kidole kwenye udongo wenye unyevu. Akaandika a, akaandika e, akaendelea mpaka u, anatamka kila moja, wala hakukosea hata moja. Bibi akasogea akainama.

"Hizo ndizo zile za ukutani?"

"Ndiyo, Bibi. Hii a. Hii e."

Bibi akazitazama, kisha akanigeukia mimi. "Kumbe zinaandikika kwenye udongo?"

"Zinaandikika, Bibi."

"Sasa mbegu yangu uliitakia nini?"

Nimehudhuria semina nyingi baada ya hapo, nikaulizwa maswali na wakaguzi wa kila aina. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote.

Jumatatu Neema alirudi darasani, kwa sharti kwamba nikitaka kitu cha nyumbani kwao nikaombe mwenyewe, nisimtume mtoto. Mwaka ule alivuka kwenda la pili pamoja na wenzake. Mbegu ya dukani iliota, wakavuna, sitasema uongo. Lakini ule mtama mwekundu, ambao bibi alipewa na mama yake siku alipoolewa, haukuonekana tena katika shamba lile. Niliumaliza mimi, mtu msomi, nikautundika ukutani.

Nayasema haya kwa sababu siku hizi ninyi walimu mna makundi ya wazazi kwenye simu, na nimeuona ujumbe wenu: kila mtoto aje na kikombe cha maharage, kikombe cha mchele, kwa ajili ya kazi za mikono. Mwanangu, kazi za mikono ziendelee. Mpe mtoto sinia la majivu au mchanga aandike, afute, aandike tena. Mpe udongo wa mfinyanzi asokote s kama nyoka. Vizibo vya soda, vijiti, mawe ya njiani, hata maharage, ilimradi jioni yarudi kwenye kikombe na kikombe kirudi nyumbani. Usibandike kitu ambacho mtu angekila au kukipanda. Na kabla hujamsifu mtoto kwa alicholeta, muulize taratibu kimetoka wapi, kwa maana mtoto anayekupenda atakuletea hata kile ambacho kwao hakitakiwi kuguswa. Kuta za darasa acha ziwe tupu, kama kuzipamba ni kuacha nyumba ya mtu tupu.

Mungu akupe darasa lenye kelele za kutamka, na vidole vidogo vyenye vumbi la kuandika. Akupe wazazi wasioogopa kuja mlangoni kwako. Na kila jioni kila mtoto arudi kwao na vyote alivyotoka navyo asubuhi, na herufi moja zaidi.