Nyota Isiyoitika

Kabla ya kukimbia, Mélanie Nkeshimana alikuwa mhadhiri msaidizi wa fizikia Bujumbura, na kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kusaka sauti ya nyota moja. Nyota hiyo ilitoa miale mikali ghafla, wataalamu wakaishuku kuwa magneta, yaani mzoga wa nyota wenye nguvu ya sumaku isiyo na mfano. Magneta chache hutoa mapigo ya redio. Je, na hii?

Mwaka 2015 nchi ikachafuka. Mélanie, mumewe Petero na binti yao Ishimwe wakavuka hadi Kagunga, kijiji cha Tanzania kilicho mpakani, wakalala ufukweni pamoja na maelfu ya wenzao wakisubiri meli ya kuwapeleka Kigoma. Kipindupindu kikaitangulia meli. Ishimwe alizikwa mlimani nyuma ya kijiji, na asubuhi yake wazazi wakapandishwa melini. Hata matanga hawakukaa.

Walipokewa mtaa wa Kasingirima, mjini Kigoma, na Marcelina, shangazi yake Petero, mkimbizi wa 1972 ambaye sasa ni raia. Petero akawa kibarua wa kupakua dagaa mwaloni. Mélanie akapata kufundisha masomo ya ziada kwenye shule moja Katubuka, na huko Elinipa, mwalimu wa fizikia kutoka Upareni, akamruhusu kutumia kompyuta kila alasiri. Gervasi, msimamizi wake wa zamani aliyehamia Ulaya, akawa anamtumia data zilizonaswa na darubini ya redio ya Afrika Kusini. Mélanie alikagua picha za data hizo moja baada ya nyingine, akitafuta mstari mmoja, alama ya pigo, ndani ya vumbi la kelele.

"Mama Ishimwe," Petero alimwambia siku moja, "masikio yako yote yako huko juu. Mimi nikilia hapa hunisikii."

Mélanie angemwambiaje kwamba mbele ya ile kompyuta ndipo mahali pekee ambapo Kagunga haikumfuata?

Kisha mstari ukatokea. Ukajirudia, tena kwa mpangilio. Elinipa alipiga kelele za furaha hadi wanafunzi wakachungulia dirishani. Jioni ile Petero alikuja na migebuka, samaki wa ziwani, wakala wakicheka, mara ya kwanza tangu wavuke mpaka.

Kesho yake Mélanie akayapima mapigo. Pigo la kutoka mbali angani hufika limetawanyika: masafa ya juu hutangulia, ya chini huchelewa. Haya yake yalifika yote kwa pamoja. Yalitoka hapahapa duniani, labda kwenye rada ya uwanja fulani wa ndege.

"Siyo yenyewe," alimwambia Elinipa.

"Una hakika, dada?"

"Mapigo haya hayajasafiri popote."

Data zilizobaki zilikuwa kimya mpaka mwisho. Gervasi akafunga utafiti, akamwandikia kwamba hawakusikia kitu, na kwamba hayo nayo ni matokeo mazuri.

"Kwao ukimya ni matokeo," Mélanie alisema, akaizima kompyuta.

Mwezi huohuo ukaanza msako: mkimbizi asiye na kibali cha kukaa mjini arudi kambini. Petero akaapa kwamba kambini haendi, heri arudi Burundi. Wakapanda boti hadi Kagunga, wakaliage kaburi kwanza.

Mlimani walikuta shamba la mihogo. Msalaba wa mti waliousimika haukuwepo. Mwenye shamba, mzee aitwaye Anatoli, aliwaonea huruma.

"Makaburi yalikuwa mengi, wanangu. Mvua imeyasawazisha. La nani ni lipi, sijui."

Mélanie akaingia kati ya matuta akiita jina la mwanawe, kwanza taratibu, kisha kwa nguvu, hadi sauti ikamkauka. Petero alimwacha aite.

"Haya, twende nyumbani," alisema baadaye.

"Nyumbani wapi? Mtoto wangu yuko huku."

Petero akainamisha kichwa, akashika njia ya mpakani bila kugeuka nyuma. Mélanie alirudi Kigoma peke yake, na siku iliyofuata akapanda gari la kwenda kambini. Majuma kadhaa baadaye Elinipa akampigia simu: Gervasi ana data za nyota nyingine, ingefaa sana azikague yeye.

"Mwalimu," alisema Mélanie, "nashukuru. Mpe mtu mwingine."