Kichwa Kilichoachwa Nusu

Binti wa dada yangu ana mikono miepesi kuliko msusi yeyote niliyewahi kumwajiri, na hayo nayasema mimi ambaye sifa nazitoa kwa kijiko cha chai. Alikuja saluni kwangu miaka minane iliyopita, wiki mbili baada ya matokeo yake ya kidato cha nne kutoka vibaya, akiwa na begi moja na mdomo wa kutafuta ugomvi. Aliwajibu wateja ovyo. Alifagia nywele kama mtu anayefukuza kuku. Nilimvumilia kwa sababu ya dada yangu, si kwa sababu nyingine. Kisha, polepole, akatulia, na wateja wakaanza kumwulizia yeye badala yangu. Iliniuma kidogo, nisidanganye.

Mwaka juzi draya yetu iliharibika, akaja fundi wa friji kuitazama. Kazi ya nusu saa akaifanya siku tatu. Ikapona, lakini kila wiki alipita kuijulia hali, utadhani ni mgonjwa aliyelazwa. Mimi si mtoto. Nilimwambia binti yetu, "Huyo haji kwa ajili ya draya," naye akacheka mpaka akaweka mkono usoni. Sikuwahi kumwona akicheka hivyo.

Fundi alikuwa mkweli. Wazazi wake walishafariki, na dada yake mkubwa, muuguzi wa wodi ya watoto katika mji mwingine, ndiye aliyemsomesha ufundi. "Dada akikataa, mimi sitakuwa na la kufanya," alituambia. Kikao cha posa cha familia mbili kikapangwa Jumapili. Jumamosi asubuhi huyo dada mtu akaingia saluni peke yake, akavua kitambaa, akaketi. Alitaka kusukwa na bibi harusi mwenyewe.

Nikasikia chanuo likianguka sakafuni. Nilipogeuka, binti yetu alikuwa ameshaingia stoo. Nikamfuata, nikamkuta amesimama katikati ya madebe ya mafuta, midomo imemkauka.

"Mama mdogo, nimekwisha."

"Umekwisha nini? Kuna mteja kwenye kiti."

Akanieleza kwa sauti ya chini. Muuguzi alisoma naye shule ya bweni, kidato kimoja mbele. Kulikuwa na kiranja wa maktaba, mvulana mrefu, ambaye binti yetu alimpenda mpaka akawa hapati usingizi, na kiranja huyo akamwandikia barua huyu muuguzi badala yake. Basi. Jumapili jioni wasichana walikuwa wakisukana kwa ajili ya ukaguzi wa Jumatatu, na kwa kuwa yeye ndiye aliyejua kusuka kuliko wote, msichana yule akaja kwake na chanuo lake. Akamkalisha juu ya ndoo nyuma ya mabafu, akamsuka upande mmoja, mistari mizuri kabisa. Kisha akasema, "Ngoja kidogo, nakuja."

Hakurudi. Akawaonya na wenzake kwamba atakayemgusa asije tena kwake kusukwa. Asubuhi msichana akasimama mstarini nusu kichwa kimesukwa, nusu kimetimka, mwalimu wa zamu akamwita mbele, akamnyoa palepale shule nzima ikitazama. Kiranja naye alicheka. Tangu siku ile mpaka anamaliza mtihani, jina lake likawa Nusu.

"Na mimi ndiye niliyelianzisha," alisema. Macho yake yalikuwa yananiomba kitu, na mimi nikampa nilichokuwa nacho.

"Sikiliza. Mlikuwa watoto. Akiuliza, sema matroni alikuita. Huyo matroni sijui yuko wapi leo, nani atamtafuta? Jikaze, toka, suka."

Nilijiona mjanja. Nataka hilo lijulikane.

Akatoka, akanawa mikono, akaanza. Saluni ilikuwa na wateja watatu tu, na mimi nilijifanya nahesabu pakiti za rasta ambazo idadi yake nilishaijua. Muuguzi aliinamisha kichwa alipoambiwa, akakiinua alipoambiwa. Saa nzima ikapita. Redio ilikuwa inaniudhi, nikaizima, kisha kimya kikaniudhi zaidi, nikaiwasha tena. Jasho lilikuwa linamtiririka binti yetu shingoni, asubuhi ile ya baridi.

Alipofika karibu na sikio la kushoto, muuguzi akasema, akitazama kioo, "Mdogo wangu alinitumia picha yako mwezi wa pili. Nilikujua papo hapo."

Vidole vikasimama.

"Endelea tu, nasikia vizuri ukisuka." Sauti yake haikupanda wala kushuka, sauti ya mtu aliyezoea kuchoma watoto sindano. "Kuna jambo moja nataka kukuuliza. Siku ile uliitwa na matroni, sivyo?"

Moyo wangu ulipiga kelele: haya, sema ndiyo! Mlango umefunguliwa na mwenye nyumba, nini tena? Nilimkazia macho kwenye kioo, nikaitikia kwa kichwa kumhimiza. Binti yetu aliniona. Akashusha mikono.

"Hapana, dada. Hakuna aliyeniita. Nilikuacha kwa makusudi. Nilikuwa dirishani bwenini, nakutazama unavyosubiri."

Mteja mmoja aliyekuwa amepakwa dawa akaguna. Nilimwonyesha kidole anyamaze.

Uso wa muuguzi ukaanza kutetemeka, kidevu kwanza.

"Nilikutetea," alisema. "Walikuja kuniambia ulifanya makusudi, nikakataa. Nikasema ameitwa, angekuwa na nafasi angerudi. Hata mama yangu, Mungu amrehemu, nilimwambia hivyo. Mistari ile ulinisuka kwa upole sana. Sikuweza kuamini mtu anaweza kukushika kichwa namna ile huku anakuchukia."

Binti yetu alipiga magoti kwenye nywele zilizomwagika sakafuni. Alilia kwa sauti, bila kujificha, na akasema nisamehe mara nyingi kiasi kwamba mimi mwenyewe nilitaka anyamaze. Muuguzi hakumgusa. Alijipangusa uso kwa ncha ya kitambaa, akashusha pumzi.

"Inuka umalize," alisema. "Nimechoka kukaa."

Akamaliza. Sijui aliona vipi kwa macho yale, lakini alimaliza.

Usiku ule hakula, wala mimi sikumlazimisha. Jumapili wakaja. Muuguzi aliketi kwenye kiti cha mbele, baba yao mdogo akamwachia aseme yeye. Fundi alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono miwili. Dada mtu akasimama, akamtazama mdogo wake, wala hakutazama upande wetu.

"Tumekubali," alisema. "Mke utakayeishi naye ni mkweli, hilo nimelihakikisha mwenyewe."

Vigelegele vikapigwa. Mimi peke yangu nilikuwa nalia, na watu wakadhani ni furaha. Nilikuwa naona aibu kwa lile neno nililompa stooni.

Sasa ni mwaka na miezi tangu harusi. Muuguzi huja kuwatembelea, hubeba zawadi, humpakata mtoto wao mpaka alale. Nywele zake husukwa kwingine. Binti yetu humtengea kiti, humwita dada, na hajawahi kumwuliza kwa nini.