Nywele za Mama Mdogo

Nilipokuwa mtoto, tena mwali mbichi niliyewekwa ndani siku chache baada ya kuvunja ungo, vita vya Maji Maji vilichukua wanaume wawili wa nyumba yetu kule Ruaruke: baba yangu na mdogo wake, Saidi. Walinyweshwa maji ya dawa, wakaambiwa risasi zitageuka maji. Sisi wanawake tuliachiwa mwiko: asisuke mtu mpaka warudi, maana mkono unaofunga nywele hufunga na nguvu za dawa.

Mwali hatoki nje na hana kazi. Nilichoka kuhesabu fito za ukuta. Aliyeniletea uji alikuwa Mama Mdogo Zena, mke wa Saidi, na siku moja nilimwona anajikuna kichwa mpaka machozi yanamlenga. Nikamwambia akae. Nikamsuka mistari mitatu tu, ya nyuma, akajifunga kitambaa. Tulicheka tumeziba midomo.

Hazikupita siku nne, Saidi akarudi peke yake, bega limepasuliwa na risasi. Baba ameuawa Umatumbi. Kilio hakijatulia, kitambaa cha Mama Mdogo kikamponyoka, Saidi akaiona ile mistari.

Nilisikia pigo la kwanza, kisha mtu anakimbia. Bibi mzaa baba akafungua mlango wangu, akamsukuma Mama Mdogo ndani, mdomo unavuja damu, kisha Bibi mwenyewe akakaa kizingitini. Kwetu mwanamume akimwona mwali kabla hajatolewa nje, hupofuka. Hata baba hakuwahi kuuvuka mlango ule.

“Mama, nipishe,” Saidi alisema. Nilimwona kupitia ufa wa ukuta, fimbo mkononi. “Kamuua kaka.”

“Aliyekufa nimemzaa mimi,” Bibi alijibu. “Wewe pita, ukapofuke.”

“Kasuka huyu, mama.”

“Hata kama kasuka. Hapigwi.”

Mwali hatakiwi kusikika na wanaume, lakini nilisema kwa sauti kwamba niliyesuka ni mimi. Saidi alisimama pale mpaka kivuli cha nyumba kikamfikia, akaitupa fimbo, akaenda zake. Mama Mdogo alilala nami mpaka siku ya kutolewa kwangu, kisha akarudi kwao Mchukwi na hakumrudia tena Saidi.

Kwa miaka mingi niliamini vidole vyangu vilimuua baba. Nilikuja kupoa nilipokutana na wajane wa wapiganaji wengine, wanawake ambao hawakugusa hata kitana na waume zao hawakurudi. Hilo limenitoka. Lisilonitoka ni kwamba Saidi aliogopea macho yake, hakumwonea huruma mkewe. Nisingekuwa ndani siku ile, Bibi angemficha wapi?

Sasa mimi ni kungwi, na mwanamke akija mbio namfungulia, mwali awemo asiwemo. Juzi alikuja mmoja, mumewe nyuma yake. Mume akauliza kama ndani mna mwali. Ningeweza kumdanganya, na nilitamani. Nikamjibu hamna, na hata hivyo hapiti. Akageuka, akaondoka. Nilikaa kizingitini mpaka jioni, maana safari hii sikuwa na cha kumzuia isipokuwa neno langu.